Kucha za Ruweida chini ya microscope

Ruweida, zile kucha za glitter ulinipaka Jumamosi zimeniaibisha mbele ya Prof. Nimejifungia choo ya maabara nacheka pekee yangu.

Unajua ile sponji ya baharini nimesumbuana nayo miezi nane. Leo nimeyeyusha kipande kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ikabaki ile miiba yake midogo kama glasi, ndio hutuonyesha ni aina gani. Kuangalia, naona nyota. Zinang'aa, pembe sita kila moja. Nikamwita Prof, "Hii haiko kwa kitabu yoyote."

Akaangalia. Akaangalia tena.

"Nyawira, nionyeshe mikono."

Mikono, Ruweida, na glitter yako imebanduka nusu. Kama mtoto wa nursery. Maabara yote ilianguka kicheko.

Nikavaa glavu, nikarudia na kipande ingine. Prof akainama bado anacheka, halafu akavuta kiti karibu.

Kuna mwiba umejikunja kama ndoano, pande zote mbili. "Hii nayo hata mimi sijawahi ona."

Bado tutalinganisha na zingine, lakini amesema nianze kuitafutia sponji jina.

Nimemwambia ninalo, na mwenyewe ako mtaa wa Mashimoni saa hii anapaka mtu kucha.