Kaburi la Filamu

Igurwa, Karagwe
9 Juni 2025

Mpendwa dada Adelgunda,

Shikamoo dada. Hujambo huko Tunduma? Shemeji Pastory kifua chake kimepoa? Na Kantengwa mdogo ameshaota meno? Sisi huku miili ni mizima, mvua imekata na kahawa imeanza kuiva. Nimejilazimisha kuuliza hayo kwanza maana ndivyo tulivyolelewa, lakini nililonalo halisubiri.

Dada, mama amegoma kula. Leo ni siku ya tisa. Anakunywa maji tu, tena kwa kubembelezwa, kwa sababu anaamini umekufa.

Ile simu Deodatha aliyokupigia Jumanne ili mama asikie sauti yako haikuwa mzaha. Ulipomwamkia, alimrudishia Deodatha simu yake akisema huyo ni mimi, Mackrine, najua kuiga sauti yako. Kumbe mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Ulikasirika, na tangu hapo hupokei simu ya mtu yeyote wa huku. Ndiyo maana nampa barua hii Aristides, anayekuja huko na lori la maharage.

Elick, mtoto wa kaka Benjamin, anatengeneza filamu ya kundi letu: mimi, wewe na Deodatha, tulivyotoka kwenye kwaya ya kanisani tukawa tunagombewa kwenye harusi kuanzia Kayanga mpaka Kyerwa, halafu tukasambaratika. Ametumia majina yetu ya kweli. Nafasi yako anaigiza msichana wa Omurushaka, ila kuimba naimba mimi, maana hakuna mwingine anayeiweza sauti yako.

Elick akaona kuvunjika kwa kundi peke yake hakumlizi mtu. Akataka mwishoni ufe. Nami nikakubali.

Sikufichi, nilikubali kwa hasira. Miaka sita hujaniandikia hata neno. Najua chanzo ni mimi, niliyekwenda studio Bukoba nikarekodi wimbo wako peke yangu na kuuita wangu. Lakini hata mwizi huchoka kuchukiwa. Nilitaka nikuone umekufa, walau kwenye filamu.

Elick na wenzake wakachimba kaburi kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba, pembeni ya kaburi la baba. Wakafukia, wakasimika msalaba wenye jina lako. Mama tulikuwa tumempeleka kwa shangazi Prudensia kule Kyerwa ili asione. Akarudi siku moja mapema, akapitia nyuma ya nyumba, akatukuta. Wanawake wanaomboleza, nami nimelala juu ya udongo ninaimba kwa sauti yako. Laiti ningekuwa naigiza! Nilikuwa nalia kweli, dada, na mama anakijua kilio changu cha kweli.

Tulimwambia ni filamu. Akasema tunamficha msiba kwa kuwa ni mzee. Ndipo tukafanya kosa kubwa kuliko lote: tukalifukua kaburi mbele yake aone halina mtu. Akapiga yowe kwamba hata mwili wako tumeupoteza. Tulipotaka kumwonyesha video yako kwenye simu, alisema na hiyo nayo ni filamu.

Sasa analala chini kwenye nyasi kama mfiwa, amejifunga kamba ya mgomba kiunoni. Amekataza jembe lisiguse kibanja. Juzi nilimpikia ndizi na maharage, nikamlisha kama mtoto, akauma meno. Mikono yake imekuwa vijiti. Padri amekuja akashindwa. Daktari alimtundikia dripu, akaing'oa. Nimekwisha, dada, sijui niende kwa nani.

Baba mkubwa Kamugisha amekaa na wazee. Wanasema kaburi haliachwi wazi, na mama hawezi kumaliza matanga ya mtu asiyezikwa. Jumamosi hii watakata mgomba, wauvike gauni lako, wauzike kwa jina lako, kama anavyozikwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Mama amekubali. Amesema akishakuzika atakula. Lakini baba mkubwa ametamka wazi kwamba aliyezikiwa mgomba haingii tena kwenye mlango wa kwao, hata akija anatembea.

Nimepinga mpaka sauti imenikauka. Nikiendelea kupinga namuua mama. Nikinyamaza nakuzika ukiwa hai.

Deodatha anakusalimu sana, na kaka Benjamin pia. Elick anaona aibu hata kukutajia jina lake, ila ameahidi kuifuta filamu yote. Msalimie shemeji, umbusu Kantengwa. Mungu aliyekutunza ugenini miaka yote hii akufungulie njia ya kurudi.

Gauni lako la kijani la kuimbia nimepewa mimi niliandae. Nimelifua, lipo kwenye kamba. Jumamosi saa nane mchana, kama hujatokea, nitauvika mgomba kwa mikono yangu hii na kukuzika, ili mama ale. Njoo unizuie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikataa,

Mackrine