Miaka Mitano Niliyoikata

Tindiga, Kilosa
12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Debora,

Basi nikawaambia, "Andikeni themanini na tano!" Lakini ngoja, mdomo umetangulia salamu. Marahaba, maana najua umeniamkia hata huko Mpanda. Magoti yameamkaje? Huku tu wazima, mpunga umekubali, ila ndege wanatutoa roho. Anayeandika ni mwanangu Vaileth, mimi nasema tu, na nimemkataza kuninyooshea maneno.

Sasa huyu Vaileth ana programu ya fedha kwenye kompyuta yake. Humo kaingiza pensheni yangu ya kule hotelini Mikumi, nilikopika mpaka nywele zikanukia vitunguu. Wazungu wale, mdogo wangu, pilipili wanaiogopa kuliko simba! Kaingiza na vile vipande vya mfuko wa uwekezaji tulivyonunua kwa kiinua mgongo. Bwana we, vinapanda na kushuka kwenye mstari kama njia ya mbuzi. Vikishuka, ugali haupiti. Vaileth ananiambia, "Mama kula, vitapanda." Na kweli hupanda.

Juzi ile programu ikauliza: mwenye pesa ataishi hadi umri gani? Godfrey, si unamjua kitinda mimba wangu, karuka kama kakanyaga siafu. "Funga hiyo! Inamtabiria mama kifo!"

Lakini usipoijibu haipigi hesabu. Nikasema, "Weka mia na ishirini, kama Musa." Ikawaka nyekundu, ati pesa itaisha kabla yangu. Tukaweka tisini, ikawa kijani. Nikapiga vigelegele. Nikasema, "Haya, ongeza safari ya Mpanda, nauli, zawadi, na kukaa mpaka wanichoke." Nyekundu tena!

Debora, tangu tumzike mama hatujaonana. Wewe magoti yamegoma, basi mwenye miguu ni mimi, na hiyo miguu nayo ina miaka sabini na nne. Ndipo nikasema themanini na tano. Kijani!

Godfrey machozi yakamlengalenga. "Mama, umejikatia miaka mitano." Nikamwambia, "We mtoto, Mungu hasomi kompyuta. Akiniongezea, mtanilisha nyie." Akacheka huku anavuta kamasi.

Msalimie shemeji Yeremia, mwambie yule jogoo wake wa siku za msiba nilimla kwa nia njema. Msalimie na mwanao Happiness na wanawe. Mungu awafunike, na hayo magoti ayapake mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Tena nilitaka kukueleza habari ya tembo walioingia…

"Bibi! Twende, stesheni watafunga!"

Huyo Amos wa bodaboda, ndiye anayenipeleka Kilosa mjini kukata tiketi. Naja, we, usinipigie honi kama gunia la mchele linalosubiriwa sokoni! Debora, teleka chungu kile kikubwa. Hiyo miaka mitano tutaila pamoja. Kanga yangu iko wapi, naenda.

Dada yako anayekupenda, na anayekuja,
Rebeka