Manjano Yale Hayakutoka Kwenye Kopo

“Fundi, leo umepaka ukuta wa watu au umejipaka mwenyewe machoni?”

Hivyo ndivyo alivyokuuliza jirani yetu fundi viatu, siku ile ulipopita mbele ya kibanda chake na kopo la rangi mkononi. Ukamjibu, “Nimeanza na macho, kesho namalizia masikio.” Mkacheka mpaka wapita njia wakageuka. Macho yako yalikuwa ya manjano, Baba Watoto. Sote tuliyaona, na sote tukacheka.

Sasa mwaka umezunguka tangu Mungu alipokuita. Nyumba imepoa. Ngazi yako bado imeegemea ukuta wa nyuma, na mlango wa stoo una mistari ya rangi zote ulizozijaribu kabla ya kwenda kazini. Watoto walitaka kuupaka upya. Nikawaambia uachwe hivyo hivyo.

Watu walikuita Mikono Miwili, kwa sababu hukukubali kuacha ukuta na mkono mmoja wa rangi, yaani uliopakwa mara moja tu, hata mwenye nyumba akisema inatosha. Ulikuwa ukiimba sifa za Mungu juu ya ngazi, katikati ya wimbo unaita mtu akushikie ndoo, kisha unaendelea pale pale ulipoachia. Rangi iliyobaki, mwenyewe akiruhusu, uliipeleka kwa bibi wa nyumba ya mwisho ukampakia chumba chake, kila upande na rangi yake. Bibi akasema chumba kina nguo nyingi kuliko yeye.

Kuwashwa ndiko kulikotangulia. Viganja, nyayo, mgongo. Ulijikuna kwenye fremu ya mlango kama ng’ombe, nasi tukakutania. Tulisema ni tina ile ya kuyeyushia rangi. Ukabadilisha tina, ukavaa glavu. Nikabadilisha sabuni, nikawa nafua ovaroli yako peke yake. Mafundi wenzako wakasema, “Hiyo ni kazi tu, bwana, sote inatuwasha.” Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kikapauka kama chokaa, suruali ikaanza kukuvuka. Kila kitu tulikipatia jibu ndani ya kopo.

Hospitalini wakasema ni saratani ya mirija ya nyongo. Sikuwahi kulisikia jina hilo. Daktari akanieleza taratibu: “Mama, ini linatengeneza nyongo, nayo inapita kwenye mirija myembamba kwenda tumboni. Mrija ukiziba, nyongo inarudi mwilini. Ndiyo manjano haya, ndiyo kuwashwa huku.” Alisema haiwapati wengi, ndiyo maana wengi hatuijui. Ikiwahiwa, wapo wanaopasuliwa ikaondolewa. Yako ilikuwa imeshatambaa.

Hata kitandani hukuacha utani wako. Uliutazama ukuta wa wodi ukaninong’oneza, “Hapa walipaka mkono mmoja wakakimbia.” Nikacheka, nikatoka nje kulia.

Tulikuwa tunasali ulipoondoka. Ulisema amina kabla sijamaliza.

Ninyi mnaosoma, nawaomba. Mtu akiwashwa mwili mzima bila upele, macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi, asikae akingoja. Huenda ni jambo jingine, maana manjano yana sababu nyingi. Lakini hilo aliseme daktari aliyempima, asiliseme jirani, wala fundi mwenzake, wala mke.

Nilipowasomea ndugu zako maneno haya sebuleni, kaka yako mkubwa hakupendezwa. “Shemeji, mambo ya choo na mkojo ya marehemu unawatangazia watu? Andika aliugua, inatosha.”

“Siku ya mazishi tuliandika aliugua, shemeji. Kuna aliyejua aliugua nini, ili naye ajihadhari?”

Akajifuta uso kwa leso. “Haya, andika. Ila kile cha ng’ombe kitoe.”

Sikukitoa, Baba Watoto. Wewe mwenyewe ndiye uliyekisema kwanza.

Tunakukumbuka mimi mkeo, binti yetu mshonaji na mumewe, mwanao anayetumia burashi zako na kuziosha kama ulivyomfundisha, wajukuu zako, kaka yako mkubwa, na mafundi uliopanda nao ngazi. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Mungu akulaze pema.

Anakukumbuka pia mdogo wako dereva. Jioni ile ya kusomeana alikaa kiti cha karibu na mlango, akijikuna viganja. Nilipofika pale pa mkojo aliinua uso.

“Shemeji, mkojo wake ulibadilika rangi baada ya kuwashwa, au kabla?”

“Baada.”

“Na yeye alisema ni kazi?”

“Sote tulisema ni kazi.”

Akavigeuza viganja vyake, akavitazama. Kaka yako akamuuliza, “Wewe vipi?” Mdogo wako akasimama, akachukua kofia yake mezani, akatoka, akashika njia ya hospitali.