Mbele ya Tundu la Mzinga

Misigiri, Iramba
Jumapili

Kaka yangu mpendwa Simeoni,

Shikamoo. Habari za Rungwa, na nyuki wako hawajambo? Naomba barua hii ikukute na afya njema na uso usio na uvimbe. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako huko porini haipatikani, na siku ikipatikana mama hukaa karibu yangu akitega masikio. Tafadhali usisome harakaharaka kama ulivyozoea.

Ule mzinga wako wa gogo uliouacha kwa kuwa umepasuka, nimeugeuza kamera. Usicheke. Niliziba ufa kwa nta, nikafunika tundu la nyuki kwa kipande cha kopo la soda, nikakitoboa kwa ncha ya sindano. Ndani, upande wa nyuma, nabandika karatasi ya picha. Mtu anakaa mbele ametulia tuli, mwanga unaingia kidogo kidogo, sura inabaki. Akitikisika, anatoka kama moshi. Watu waliipenda, wengine wakaja wamevaa nguo zao za Krismasi.

Balaa lilianzia kwa Mzee Mughwai, mrina asali mwenzako. Alikaa kwenye kigoda, nikafungua tundu, nikageuka kufukuza mbuzi. Kumbe mwenzangu kainuka, kasimama pembeni. Wewe unajua, mrina asali gani anakaa mbele ya tundu la mzinga? Tangu utoto amefundishwa asizibe njia ya nyuki, na mwili wake ulikataa. Kwenye picha kilitoka kigoda, na juu yake ukungu wenye kofia. Tulicheka sana, yeye kuliko wote. Wiki ileile akafariki.

Msibani mwanawe Laurian akatangaza kwamba mzinga umemla baba yake. Watu wakaanza kurudisha picha zao, wanaziacha mlangoni bila hata kupiga hodi. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, lakini nani anamsikiliza mpiga picha msibani? Kaka, niliogopa. Jana mwenyekiti wa kitongoji akaita kikao, na Laurian akaja na kidumu cha mafuta ya taa. Alitaka mzinga uchomwe palepale na mimi niondoke Misigiri kabla jua halijazama.

Mama akasimama. Alisema atakaa yeye mbele ya mzinga, na akitoka mzima kwenye picha waniache. Akakaa, mikono ameibana magotini kwa nguvu. Nilipofunga tundu niliingia chumba cha giza cha kusafishia picha pamoja na Agnes, mke wa mwenyekiti, aliyewekwa anichunge nisifanye mazingaombwe. Picha ilipojitokeza kwenye dawa, uso wa mama ulikuwa wazi kabisa. Mikono haikuwepo. Kuanzia viwiko kushuka ulikuwa ukungu mtupu, na Agnes akapiga yowe.

Watu wakarudi nyuma. Laurian akafungua kidumu, akasema tazameni, umeshaanza kumla na huyu. Mama akaomba kikombe cha maji. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua mbele yao wote, maji yakamwagika mpaka kanga ikalowa. Ndipo akasema mzinga haujamla mtu. Mikono yake inatetemeka tangu mavuno ya mwaka jana, na amekuwa akiificha ndani ya kanga ili wanawe tusihangaike. Laurian alifunga kidumu, akachuchumaa palepale, akalia.

Kamera imebaki, lakini siitamani. Naishi na mama nyumba moja na sikuona! Kila akivunja kikombe nilimtania kwamba anataka vipya. Moyo unaniuma, kaka. Muuguzi wa zahanati anasema apelekwe hospitali Singida mjini, na mimi mama hanisikilizi. Wewe ndiye kifungua mimba wake, neno lako halikatai. Njoo.

Nisalimie wifi Febronia na watoto. Mama yuko hapa nyuma yangu, anauliza nimeandika nini. Anasema nikwambie kwamba hajambo kabisa, usiache nyuki wako kwa safari isiyo na sababu, na ili uamini ataweka jina lake mwenyewe. Usidhani karatasi imeharibikia njiani. Hayo yaliyo chini ya jina langu ni maandishi ya mama.

Mdogo wako akupendaye,
Eliana

D  i n   a