Nani Alimnyima Guyo Maji

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mgongo umetulia na Mama amepata usingizi kidogo. Mvua imefika Korbesa, au bado mnaitazama ikinyesha kwa wengine? Na wale ng'ombe waliobaki, wanasimama wenyewe asubuhi au mnawainua kwa mkia? Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Nimeandika kwa sababu simu imetushinda. Kila tukifika kwa habari ya Guyo, mtandao unakatika, au wewe unanyamaza, na mimi huku siwezi kujua ni lipi. Barua hii nimempa mtu wa Isiolo mjini anayerudi likizo. Ataifikisha kwa dada Kabale, pale Kulamawe anakofundisha, naye atakuletea na kukugeuzia kwa Kiborana. Kabale, dada yangu, usiruke mahali. Soma hata pale utakapotaka kuruka.

Baba, tulipoongea mara ya mwisho uliniuliza, "Nani alimnyima mtoto wangu maji?" Umesikia huko Merti sokoni kwamba wazungu walimfanyisha kaka yangu kazi juani, wakamfungia maji mpaka akafa. Swali lako limekaa nami kila siku. Leo nalijibu, na nikimaliza nina ombi.

Kwanza ujue kazi yetu. Hapa Louisiana, kusini kabisa mwa Marekani, tunakuza miti na vichaka ambavyo watu wananunua kupanda uani: magnolia, kamelia, azalia na mingine ya kuzungushia ua. Si shamba kama yale ya Kinna. Kila mche unakaa kwenye ndoo yake nyeusi ya plastiki, safu baada ya safu, mpaka macho yanachoka. Hewa yenyewe imejaa maji. Shati linaloa kabla hujashika kazi, ukilianika halikauki, na viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Ukipanda mti ndani ya shimo kama tunavyofanya kwetu ili maji yakae, shingo yake inaoza. Lazima uupandishe juu kwenye kilima kidogo cha udongo. Siku tulipofundishwa hivyo Guyo alicheka mpaka akakaa chini. "Boru," akaniambia, "hawa watu wanakimbia maji!"

Lakini kazi aliipenda. Walimpa sehemu ya nyuma, ya miti michanga, ambako mabomba hayajafika na mtu anamwagilia kwa mpira. Alifurahi kama mtu aliyekabidhiwa kundi. Azalia aliziita mbuzi, kwa sababu zinalia haraka jua likizishika. Magnolia aliziita ngamia. Aliongea nazo, nami nikimwonea aibu mbele ya wenzetu.

Sasa sikiliza vizuri, Baba. Maji ya kunywa yapo. Yana barafu, yanazungushwa kwa kigari tangu asubuhi. Msimamizi wetu ni mama mmoja wa Meksiko, anaitwa Rosa, na yeye mwenyewe anaita kila mtu anywe, hata kwa ukali. Mimi nilikunywa. Guyo alikataa.

"Boru, wewe umekuwa ndama?" alinitania. "Kila saa mdomo kwa maji."

"Huku watu wote wanakunywa," nikamwambia. "Hii joto si kama ya kwetu."

"Wacha wakunywe. Mifugo yangu haijamaliza."

Unajua alitoa wapi neno hilo. Pale kisimani ulitufundisha kwamba mchungaji hagusi maji kabla mnyama wa mwisho hajainua kichwa, na anayetangulia kunywa anachekwa mpaka na wanawake. Tulijivunia sheria hiyo. Tulipofika huku walituonyesha picha za mtu aliyezidiwa na joto, sisi tukatazamana tukacheka. Watu wa Isiolo wafundishwe jua! Hatukujua kwamba jua la kwetu lina upepo unaokausha jasho na kukupoza. Huku jasho linabaki mwilini, na joto linabaki ndani. Tena kwetu mifugo inamaliza kunywa, watu wanapata zamu yao. Miche haimalizi. Ukifika safu ya mwisho, ile ya kwanza imeshaanza kulegea.

Siku ile pampu iliharibika asubuhi. Ilipotengenezwa jua lilikuwa utosini na miti yote michanga imeinamisha vichwa. Guyo alifanya kazi kwa kukimbia. Rosa alimfuata mpaka safuni na kikombe mkononi, akamwambia hatoki pale mpaka anywe. Akakipokea, akamshukuru, akageuka akakimimina kwenye ndoo ya magnolia. Niliona kwa macho yangu. Alimrudishia kikombe akitabasamu, na mimi pia nilitabasamu, kwa sababu nilimwona mwanaume.

Baadaye nikamsikia akipiga mluzi, ule wa kuita ng'ombe. Nilidhani ni utani wake. Nilipomkaribia akaniita kwa jina lako, akaniuliza kama ndama wamerudi. Ngozi yake ilikuwa inawaka. Akaanguka kati ya safu, na mpira bado ameushika, maji yakimwagika miguuni pake. Tulimmwagia barafu, ambulensi ikaja, hospitali wakahangaika naye. Figo zilikuwa zimekataa, na ini pia. Akafariki kesho yake bila kunijua.

Basi, hakuna aliyemnyima maji. Usimlaani Rosa, maana mpaka leo akipita zile safu analia. Nilikukasirikia wewe, Baba. Nilikukasirikia nikiwa nafunga sanda yake. Kisha nikakumbuka kwamba nawe ulifundishwa hivyo hivyo, na kule kwetu ilikuokoa. Hasira ikaniisha, nikabaki na uchungu mtupu.

Uliuliza pia kama alizikwa vizuri. Waislamu wa mji huu walimwosha, wakamswalia, wakatusaidia kwa kila kitu. Ila kaburi, Baba. Lilipofika kiunoni tu, maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni. Ikabidi wanaume wayachote kwa ndoo huku kaka yangu akisubiri. Kwetu tungeita watu walete mifugo. Nilisimama pale nikicheka na kulia pamoja, watu wakanishika wakidhani nimechanganyikiwa.

Sasa ombi langu. Bado nafanya kazi pale pale, na safu za Guyo nimepewa mimi. Kikombe kikija najua ni lazima ninywe, lakini maji yananikwama. Nikimeza nakuona umesimama kisimani unanitazama. Kuna wakati najificha nyuma ya magnolia ninywe kama mwizi. Na kuna wakati, usishtuke, nimekikataa kikombe, nikaendelea na kazi mpaka safu zikaanza kucheza machoni. Sijui ni nini kilinishika. Hapo ndipo ninapoogopa. Daktari ameniambia, Rosa amenipigia kelele, na yote yanapita sikio hili yanatokea lile. Sheria hii ni yako, Baba, na ni wewe tu unayeweza kunitoa ndani yake.

Msalimie Mama, mwambie nguo za Guyo nimezitunza na nitazileta mwenyewe. Msalimie mjomba anayeadhini msikitini, aendelee kumwombea marehemu. Shangazi wa Kinna mpeni pole, najua alimpenda kuliko sisi wote. Kabale, asante kwa kusoma mpaka hapa. Lia sasa, umemaliza kazi.

Baba, Kabale akishamaliza kulia, mwambie anipigie na akuwekee simu sikioni. Usihangaike na salamu, mtandao wa huko naujua. Sema tu, "Boru, kunywa," kabla haujakatika.

Mimi mtoto wako niliyebaki huku,
Boru