Huku Kuna Watu, Mama Neema

Alhamisi, Juni. Mbeya imeamka na ukungu, na vidole vyangu vilikataa kushika usukani mpaka nilipomaliza kikombe cha pili cha chai ya tangawizi.

Leo ni siku ya tatu ya kuijaribu folklifti ya betri, mashine ya kunyanyulia mizigo, hapa bandari kavu. Walioileta kutoka Dar wanataka kujua kama itaiweza baridi yetu na mizigo yetu. Mimi nataka kujua kila kitu. Juzi nililala chini ya mashine nikitafuta bomba la moshi, huku nikijua fika kwamba halipo.

Naipenda. Naandika hapa kwa sababu kazini najifanya sina upande. Ile ya dizeli hunijazia moshi kifuani mle ghalani, na usiku nakohoa mpaka mwanangu Neema anahamia chumba cha bibi yake. Siku hizi tatu nimevuta hewa kama binadamu wengine.

Makuli hawaipendi. Wameiita Paka, maana inafika bila kusikika.

Wao wamezoea kufanya kazi kwa masikio. Mtu mwenye gunia la kahawa kichwani hawezi kugeuza shingo, kwa hiyo anapima mngurumo: ukiwa mbali anavuka, ukisogea anasubiri. Nilidhani honi ingetosha. Jana niliipiga mara moja tu chini ya mabati ya ghala, magunia mawili yakaanguka kwa mshtuko. Nikaambiwa niache.

Kuna jambo jingine lilikuwa linaniwasha. Kwa kuwa mashine haina kelele, Jumanne nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba hawa watu huimba. Wanaimba Kinyakyusa, na mimi mtu wa Igowole miaka yote niliyokaa huku nimeambulia "ndaga" ya kushukuru tu. Lakini katikati ya wimbo jina langu lilikuwa linarudi na kurudi. Nikajua wananisema. Labda uendeshaji wangu, labda huu unene.

Leo asubuhi walikuwa kimya, wametega masikio waisikie Paka. Hawakuisikia. Kaka Ambokile, kiongozi wao, alitokea nyuma ya kontena na gunia kichwani, akakatiza mbele yangu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Vyuma vya mbele vilisimama karibu na magoti yake, karibu kiasi ambacho sitaki kukiandika.

Nilizima mashine.

Ambokile alitua gunia taratibu, akaniangalia. "Mama Neema, sisi na Paka wako basi." Makuli wote wakakaa chini. Msimamizi akatupa mpaka jioni tuelewane, la sivyo folklifti irudi Dar na ile ya dizeli iwashwe.

Saa ya chakula nikabeba sahani yangu ya ndizi na maharage, nikaketi katikati yao. Niliomba radhi kwanza. Kisha umbea ukanishinda, nikauliza ule wimbo unanisema nini.

Walitazamana, wakacheka. Ambokile akafuta mdomo. "Tunakwambia tulipo, dada. Mama Neema, huku kuna watu. Tuko kushoto, tuko mlangoni, tuangalie."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kuendesha." Kisha kicheko kikamwisha. "Kumbe ulikuwa husikii?"

Sikuwahi kusikia. Mpaka Jumanne hii, dizeli ilikuwa inazimeza sauti zao zote.

Mchana tukajaribu. Wao wanaimba walipo, mimi naitikia nilipo, kwa sauti hii ambayo hata kanisani naificha safu ya nyuma. Walinicheka sana, na sikujali. Kabla sijamwona Ambokile nilimsikia upande wa kushoto, nikasimama, akapita na gunia lake bila haraka. Msimamizi alitusikiliza mlangoni muda mrefu, akasema mashine ibaki.

Sasa niko nyumbani na koo limekauka, safari hii si kwa moshi. Nilipaswa kufurahi, na nimefurahi, lakini kuna kitu hakiniachi. Miaka yote hiyo walipitisha miguu yao mbele ya vyuma vyangu wakiamini kwamba nimewasikia.

Kesho nitamwomba Ambokile anifundishe wimbo wote kwa Kinyakyusa. Nianze na maneno gani? Nadhani ni hayo tu: huku kuna watu.