Mstari wa Jina

Jumatatu, 10 Juni

Mvua bado. Baba mkwe kaamka na wimbo. Nilijua kwa vidole – vinagonga ukingo wa kitanda hata kabla hajaulizia chai. Macho yake yalipozimika, mwandishi wake alikuwa Raghu, mume wangu. Sasa ni mimi. Kalamu nimeirithi, sikuiomba.

Beti tatu kwa mkupuo mmoja. Nzuri, inaniuma kukiri. Akafika kwenye mstari wa mwisho, ule wa jina – “Bhika asema” – anaofungia nyimbo zake tangu ujana. Akanyamaza. Nikangoja, kalamu mkononi. Mwishowe akasema nimletee mkate wa mtama, njaa inamuuma.

Jumanne, 11 Juni

Leo tena hivyo hivyo. Beti zote anazo, anazirudia bila kukosea. Jina, hataki.

Dagadu kaja jioni. Ndiye kiongozi wa waimbaji wetu, na rafiki wa Raghu tangu utotoni. Tarehe 23 kijiji kinaondoka kwa miguu kwenda hekalu la Pandharpur, kwa Mungu wetu Vithoba, na kila mwaka kinaondoka na wimbo mpya wa Baba. Bila mstari wa jina haufai. Pale ndipo mtunzi anaposimama mwenyewe mbele ya Mungu na kusema, ni mimi niliyenena. Wimbo usio na jina, nani anaomba?

“Mzee, hata mbuzi wa mnadani ana alama,” Dagadu kamwambia.

“Basi nendeni mkamwimbe mbuzi.”

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu lini, sijui.

Ijumaa, 14 Juni

Leo kasema. Nilikuwa namkanda miguu, akaanza tu, kama anayesimulia habari za jirani.

Mwaka jana Raghu aliingia mtoni kuoga, kule kule Pandharpur, ng'ambo tu ya hekalu. Akateleza. Maji yakamchukua. Siku ya kuchoma maiti yake waliimba wimbo wa Baba unaopendwa kuliko zote: nichukue mtoni pako, mbele ya mlango wako, Bhika asema. Watu wakatupa mkono wa pole wakisema marehemu kabahatika, kafia kizingitini pa Mungu. Bado wanasema. Kama ni bahati, si wagawane!

“Niliomba mimi, Manda,” Baba kasema. “Jina langu nikalitia. Kijiji kizima kikaliimba miaka na miaka. Yeye akanyoosha mkono akachukua mwingine. Sasa jina langu nimpelekee tena la nini?”

Mimi mwenyewe tangu siku ile sijamwashia Vithoba taa. Simsemeshi. Mrehani wake wa uani namwagilia, kwa kuwa mmea haujakosa.

Jumatano, 19 Juni

Dagadu kanikuta mashineni, nasubiri unga.

“Shemeji, mstari mmoja tu. Utie wewe. Mzee unamjua kuliko anavyojijua.”

Nikamwambia jina la mtu si kandambili, ukute mlangoni uvae.

“Basi tutaondoka na ule wa mto,” kasema. “Watu wanautaka. Wanasema ni wa kumkumbuka Raghu.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na machozi, maskini. Lakini wana desturi ya kuimba mlangoni kwa mtunzi kabla ya kushika njia. Wimbo wa mto, mlangoni kwangu, na yule mzee kalala ndani anasikia! Unga nimeusahau pale pale, imebidi nirudi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeutia.

Sikukaa kutunga. Nilikuwa nakanda unga, ukaja wenyewe: Bhika asema, mlango wako naujua, mtu wangu nimemwacha hapo. Nikanawa mikono, nikaandika, nikampelekea Dagadu. Kausoma, kaniangalia, kaukunja.

Baba hajui. Nimemdanganya kipofu. Nimeandika bila kusita, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 22 Juni

Wanafanya mazoezi kwenye hekalu la kijiji. Upepo unaleta sauti huku. Nilifunga dirisha. Baba kasema fungua, joto.

Wakafika mwisho. Nikasikia jina lake likiimbwa na wanaume wote kwa pamoja, matoazi yakilia. Vidole vyake vikasimama kwenye ukingo wa kitanda. Nilitamani ardhi inimeze. Anipige, anitukane, chochote. Kaomba maji. Mkate kala nusu.

Jumapili, 23 Juni

Naandika jikoni. Nimewaambia nawachemshia chai. Wako mlangoni wote, bendera juu, wanawake na vyungu vya mrehani kichwani.

Baba kaomba atolewe nje. Dagadu kambeba mgongoni hadi kizingitini. Wakaanza, na kabla ya mstari wa mwisho Baba kainua mkono. Ngoma ikanyamaza.

“Huo uliobaki si wangu,” kasema. Dagadu akatazama chini. “Mtu wangu, mtu wangu… mimi ningesema mwanangu. Huyo anayelia humo ni mke.”

Watu wote wakanigeukia. Nikamwangukia miguuni, Baba nisamehe. Hakunisikiliza. Alipapasa hewani mpaka akapata ncha ya sari yangu, akaishika.

“Mstari ni mzuri kuliko yangu. Litoe jina langu. Tia la mwenyewe.”

Nikamwambia mimi simsemeshi Vithoba, Baba anajua.

“Najua. Huu ni mwezi wa kumi na mbili tumemnunia, mimi na wewe. Mimi yangu yamekwisha, sina la kumwambia. Wewe unalo. Umeshamwambia.”

Nikasema chai. Ndilo neno lililonitoka. Akaiachia sari.

Bibi mmoja nje anauliza mbona kimya, jua linapanda. Dagadu kaja hadi mlango wa jiko, karatasi mkononi. Hakuingia.

“Shemeji, tuimbe jina la nani?”

Karatasi kanipa, iko hapa kando ya shajara. Jina la Baba nimelikata. Nimeandika Manda. Linalofuata ni neno moja tu, asema. Chai inamwagikia motoni na sijaliandika.